Siku Niliingia ku Kilio na Malashi ya Madamu

Kuko haya ya uso yenye inakufa pamoja na bantu benye baliiona, na kuko ingine inakatala kufa, inakaa na weye mu nyumba, inakula na weye, inazeeka na weye, na hii yangu njo ya ile ya pili, maana benye balikuwa pale karibu bote balisha kufa na miye ningali naona haya peke yangu.

Ku Noeli yenye ilipita, Beatrisi, bibi ya mutoto yangu Josefu, alinipa chupa ya malashi mu karatasi ya kumetameta, na miye nikamurudishia palepale mbele ya bantu bote, akatoka kulia inje mu lupango. Bajukuu bananiambia, Kambo, uko na roho nguvu. Roho nguvu niko nayo, sibishi. Lakini nimechoka kueleza kwa kinywa, maana kila mara nikifika ku samaki bananikata na kicheko na haifike mwisho, basi nimechukua kalamu. Masomo niliachia ku mwaka ya tatu, kwa bamama basista, mwenye atakuta makosa ayaache palepale.

Ilikuwa wakati ya Babeleji, muji yetu ingali na jina ya Elisabethville, na bwana yangu Kasongo alikuwa anatumika ku ateliye, karakana ya reli. Bantu yabo balitoka kaskazini, upande ya Kabalo, na miye nilizaliwa Kasenga, ku maji ya Luapula, baba yangu muvuvi, babu yangu muvuvi, na toka siku ya kwanza nilioleka mu ile jamaa baliniita musichana ya samaki. Mwenye aliianzisha ni mama ya bwana yangu, Mama Kabange. Nikipika majani ya sombe, anasema inanuka samaki. Nikifua shuka, anasema inanuka samaki. (Samaki nililetewa na bandugu mara moja mu miezi tatu, na yeye njo alikuwa wa kwanza kuikula, na kichwa alichukua yeye.)

Ile mwaka ya kilio, Mama Kabange alikuya tena kwetu na treni, sasa kwa kutafuta dawa ya miguu yake yenye ilivimba, na hakurudi tena, maana juma mbili tu kisha kufika, upande moja ya mwili ikakufa, mukono na muguu. Nusu ya mwili ilikufa, lakini ulimi haikukufa ata kidogo. Balimulaza kwa dada mukubwa ya bwana yangu, Yaya Masengo, barabara tatu toka kwetu, kwa sababu kule kulikuwa chumba moja zaidi. Na Yaya Masengo alikuwa na mimba kubwa, hakuweza kuinama na kuinua muntu muzima, basi kazi ya kumuosha mama, kumugeuza, kutosha shuka chafu na kufua, ikawa yangu, asubui na magaribi, miezi saba. Sisemi vile munisifu. Ni kazi ya mukwe, na kazi haiombi kusifiwa.

Sasa musikie vizuri hii, maana bila hii hamutaelewa kitu. Ku Pasaka, jamaa yote ilikuwa imekaa mu lupango ya Yaya Masengo, tulimutosha mama inje na kiti, akaniangalia napita na beseni, akasema na sauti ya kutosha mpaka ku banajirani:

“Siku nitakufa, munuse huyu. Atajipakaa mafuta mbele sijapoa.”

Bote bakacheka. Miye pia nikacheka, ningefanya nini, nilikuwa nimeshika beseni. Lakini ile maneno haikuwa ya kucheka. Kwetu na kwabo, nyumba ikipatwa na kufa, banamuke ba ile nyumba habaoge, habachane nywele, habajipakae kitu mpaka siku ya kunyoa kichwa, mwisho ya kilio, na bakwe njo banaangaliwa zaidi, maana mutoto wa damu akisahau bantu banasema ni huzuni, mukwe akisahau banasema ni furaha.

Malashi yenyewe ilitoka ku fuaye. Fuaye ilikuwa ile nyumba kwenye bamadamu, bibi za bazungu, balitufundisha, siye bibi za batumishi, kushona, kupiga pasi, kuosha mutoto, bintu yenye zaidi tulikuwa tunajua, lakini bwana akiona bibi yake na karatasi ya fuaye ku ukuta anafurahi. Miye nilikuwa naenda toka kumuosha mama, moja kwa moja, sina nafasi ya kupita kwetu. Harufu ya chumba ya mugonjwa muko munaijua. Unaosha mikono na sabuni, unaosha tena, inabakia mu nguo, mu nywele, mu pua, ata bukari, ile ugali, ukiimega unaisikia. Siku moja Madamu yetu aliinama ku masine yangu ya kushona kunionyesha pindo, na nikaona pua yake inafunga. Kesho yake aliniita kando akanitilia mu mukono kachupa ya nusu, na picha ya maua madogo nyeupe, yenye inainama sawa kengele ya kanisa. Akasema na Kiswahili yake:

“Hii harufu ya printemps. Weye kutia kidogo. Kidogo.”

Nilimuuliza printemps ni kitu gani, akasema ni wakati yenye baridi inaisha kwabo na maua inatoka ndani ya udongo. Nikasema, kumbe ni mwezi ya tisa, wakati miti ya pori inavaa majani nyekundu mbele ya mvula. Akasema hapana, si vile. Sikubishana, ni baridi yake. Lakini haya niliisikia, nilielewa sababu ya kupewa, na mu njia ya kurudi nilitaka kuitupa mu mufereji. Sikuitupa. Njo kosa ya kwanza, kama munahesabu.

Maana niliifungua. Kwanza iliingia mu pua sawa majani mubichi yenye umekanyaga asubui na umande, baridi, karibu maji. Nyuma ikakuya ua yenyewe, ndogo, safi, haina sukari mingi. Na magaribi, kisha kazi yote, ilibakia mu mukono sawa kitambala ya altare yenye imefuliwa na kuanikwa. Kwa miezi mingi pua yangu haikujua kitu ingine kuliko ugonjwa, na sasa kulikuwa fasi moja ku mukono, kubwa sawa kifungo, kwenye ningeweza kukimbilia. Nilikuwa napika na mukono moja na mukono ingine iko ku pua. Kasongo akaniuliza kama meno inaniuma. Bajukuu banazani nachukia malashi. Sichukii.

Lakini malashi iko na werevu yake, na Madamu hakunifundisha: mwenye kuivaa njo wa kwanza kuipoteza. Unaitia, unaisikia, nyuma pua inachoka, unazani imekwenda, na kumbe iko palepale inapigia bantu bote kelele, na kiziwi ni weye peke yako.

Basi ikafika siku ya kupewa karatasi ya fuaye. Nilivaa nguo ya fuaye, ya kupigwa pasi, kachupa nikaifunga mu ncha ya kikwembe ya kujifunga, nikapita kwa mama mapema jua haijatoka. Yaya Masengo alikuwa mu jikoni, anapiga chafya, ilikuwa mwisho ya baridi, vumbi mingi, mafua ilikuwa imemuziba pua siku ya pili. Nikamuosha mama. Ile asubui alikuwa mzito kuliko siku zote, sikufikiri kitu, nilifikiri mugongo yangu. Nilipomaliza, harufu ikawa ingali pale, mu chumba, juu yake, juu yangu, na nikafungua kachupa kwa kujitilia, na mukono yangu, sijui, nikamutilia na yeye. Matone mbili ku shingo, moja nyuma ya sikio. Sikumuuliza. Nyuma akavuta pumuzi, polepole, na ile upande ya kinywa yenye ilikuwa ingali inatembea ikasema:

“Leo haunuke samaki.”

Nikasema, ndiyo mama. Nikachukua beseni, nikatoka.

Ku fuaye balisema saa tatu, muzungu mukubwa mwenye alipashwa kutugawia karatasi hakuonekana mpaka saa tano. Tulisimama mu jua, mustari moja, banamuke makumi mbili. Saa tatu nilinusa mukono, hakuna kitu. Nikasema, imekwenda, sasa atakuya huyu mukubwa atanishika mukono na nitanuka chumba ya mugonjwa. Nikatia. Saa ine nikanusa, hakuna. Nikatia tena, ku shingo, ku mikono, ndani ya nguo. Mama Ana, jirani yangu, mwenye alisimama nyuma yangu, alikohoa, nikazani ni vumbi. Wakati mukubwa alifika, kachupa ilikuwa imebakia na maji ya kujaza jicho ya kuku. Alinipa karatasi, alinishika mukono, na alirudi nyuma hatua moja. Nikazani ni heshima.

Bado hatujakunja karatasi, mufanyakazi ya ateliye akafika ku mulango, mwenzake Kasongo, kofia mu mukono. Hakupashwa kusema mingi. Mama Kabange alikufa saa tatu na nusu, Yaya Masengo alikwenda soko, alirudi akamukuta amenyamaza.

Nilikuwa tayari kukimbia vile nilikuwa, njo sheria, unaacha ata chungu ku moto unakwenda, na Mama Ana akanishika kikwembe. Alikuwa muntu ya masolo mingi lakini ile siku alisema kidogo.

“Mama Josefu, usiingie kule hivi. Unanuka sawa harusi.”

Nikanusa mukono. Hakuna kitu. Nikanusa nguo. Hakuna. Nikamuambia ananidanganya, na yeye akaniangalia tu, na ku uso yake nikaona Pasaka, nikaona mama mu kiti yake, munuse huyu. Na palepale nikakumbuka ingine ya kupita ile: nilimupakaa na yeye. Bazee banamuke banaingia kumuosha saa hii. Batamugeuza, batakuta ku shingo dawa ya bazungu yenye hakuna muntu anajua inatoka wapi, na inje batakuta mukwe mwenye ananuka sawasawa. Sasa ile si kusema nilifurahi tu. Ile ni kusema nilimutuma ku kaburi.

Muntu ya akili angekwenda palepale akaeleza. Miye nilikwenda kwetu kuoga.

(Najua. Musiniambie.)

Mu lupango yetu hakukuwa robineti ya maji, robineti ilikuwa moja, ku kona, ya nyumba zote za ile barabara, na saa sita iko na banamuke kumi na ndoo. Habari ilikuwa imenitangulia. Bakanipisha mbele, masikini, wa kilio, anataka maji ya kupeleka kule. Na wa kilio akachukua maji, akaingia nyuma ya malata ya kuogea, akaanza kujisugua na sabuni, na bote banasikia maji inaanguka. Nikasikia kimya inaingia ku robineti. Mukwe, siku ya kufa ya mama mukwe yake, mbele masaa tatu haijapita, anaoga.

Kama ingetoka ningesema sawa. Haikutoka. Malashi na maji ya moto na sabuni ni bandugu, iliamuka upya, ata miye kiziwi nikaisikia, majani, umande, kengele, yote. Nikaingia mu nyumba nikachukua kitunguu, nikakata, nikajisugua shingo na mikono. Ikawa ua yenye imeota mu shamba ya kitunguu. Nikachukua petroli ya taa, nikatia ku kitambala, nikapangusa. Nikatupa nguo ya fuaye, nikafungua sanduku kutosha kikwembe ya zamani, nyeusi, ya kilio, na sanduku yote ikanipumulia printemps mu uso, maana kachupa ililala mule juma muzima na kifuniko haikushika.

Nilikaa chini. Naandika hii na miye najisikitikia yule musichana, alikuwa na miaka makumi mbili na tatu, na mutoto ya miaka mbili kwa jirani, na amechoka, amechoka, ata kulia alikuwa hana nguvu. Na mbele yangu, ku ukuta, kitunga ya samaki ya kukauka yenye kaka yangu alituma toka Kasenga. Nikasema mu roho: mama, maisha yako yote ulisema nanuka samaki. Basi leo njo siku.

Nikachukua samaki mbili, nikaloweka mu maji ya kuogea yenye ilibakia, nikajipakaa. Mikono, shingo, miguu.

Mu njia imbwa ya mulinzi wa shule ikaamuka, ikanifuata. Nikaitupia jiwe, ikazani ni chakula. Nikafika ku kilio karibu saa nane, wa mwisho mu jamaa yote, nywele inadondosha maji, na imbwa nyuma.

Banaume balikaa inje ku moto. Banamuke balikaa mu lupango, ku mikeka, miguu ya kunyosha, Yaya Masengo katikati, balimushikilia mabega mbili kwa sababu ya mimba. Mulango ya chumba ilikuwa ya kufungwa, kule ndani Mama Numbi, dada mukubwa ya marehemu, na bazee bengine babili banaosha. Nikajitupa chini, nikaanza kulia, na nililia kweli, lakini ku upande yangu ya kushoto muntu akasogea. Ku upande ya kuume, muntu akasogea. Kilio ikapunguka, unajua vile kilio inapunguka, si kunyamaza, bantu banalia na pua inatafuta. Nyuma mwanamuke moja akainama ku sikio ya Yaya Masengo.

Ku kilio yetu bantu habatukane, banaimba. Yaya Masengo akainua mikono ku kichwa akaimba:

“Mama we, ulisema tumunuse, e mama, ulisema. Leo tumemunusa, mama, mbele haujapoa.”

Na banamuke bakaitika. Ile wimbo ilizunguka mikeka yote mara tatu, mara ine, miye ndani yake, kichwa chini, na imbwa imelala ku miguu yangu inanilamba. Mwanamuke ya robineti alikuwa pale, akasema nilioga. Ingine akasema nafika saa nane. Kila neno ilikuwa kweli. Sikuweza kukatala ata moja.

Banaume bakasikia. Muzee Kalenga, baba mudogo ya Kasongo, mwenye alikuwa anashika maneno ya jamaa, akakuya na fimbo yake mpaka ku mukeka, akavuta pumuzi kwa pua, akakohoa. Hakunisemesha. Alisemesha bwana yangu.

“Kasongo. Kesho kuko kamyo inarudi Kasenga kuchukua samaki. Bibi yako apande.”

Apande, ni kusema apande peke yake. Kwabo mutoto ni wa baba, Josefu angebakia, angelelewa na Yaya Masengo, na miye ningerudi ku maji na mikono mutupu. Nikamuangalia Kasongo. Alikuwa anaangalia viatu yake. (Alikuwa bwana muzuri, na tulikaa naye miaka makumi tatu na munane, lakini ile siku aliangalia viatu, na mpaka alikufa sikumuuliza aliona nini kule.)

Mulango ikafunguka. Mama Numbi akatoka, mikono mubichi ya maji mpaka ku kiwiko. Alikuwa mwembamba, mukali, hakuna muntu alimuona akicheka mu ile muji. Wimbo ikakatika.

“Nani alimupakaa Kabange malashi?”

Sasa kila muntu akaniangalia na macho ingine, macho ya uwoga, maana habakujua ile. Ningeweza kunyamaza. Lakini kunyamaza na nini, mu lupango yote hakuna mwingine wa kunuka maua.

“Ni miye, mama,” nikasema. “Leo asubui.”

Akafika. Akanishika mukono, akaigeuza, akainusa sawa muntu ananusa nyama ya soko. Akaiacha.

“Nimeosha maiti mingi,” akasema, si kwangu, kwa bote. “Muntu akilala miezi saba, ukimugeuza unakuta mugongo imeoza. Huyu nimemugeuza. Hakuna kidonda, ata kimoja. Katikati ya vidole ya miguu, safi. Ku shingo, harufu ya bibi arusi. Nani alimuosha?”

Balijua bote.

“Alimupenda,” akasema Mama Numbi. “Njo jibu yangu. Kalenga, kamyo yako iende na bantu yake.”

Yaya Masengo akaanza kusema neno, na Mama Numbi akamugeukia.

“Weye nyamaza. Pua yako imezibwa tangu juzi. Ulinusa nini?”

Na nyuma akarudi kwangu, akainama kidogo, na ile uso yenye haikucheka ikasumbuka.

“Malashi nimeelewa. Petroli na samaki ni ya nini?”

Muntu moja ku banaume akapasuka na kicheko, akafunika kinywa na kofia, na nyuma mwingine, na nikaona mabega inatikisika mu lupango yote, ku kilio, mbele ya maiti, na bengine sikujua tena kama banacheka ao banalia. Mama Numbi akauliza kama mama alisema kitu mu mwisho. Nikamuambia vile alisema: leo haunuke samaki. Hapo Yaya Masengo akaniangukia ku shingo na mimba yake yote, akalia kilio yenye ilitoka chini kabisa, na alinishikilia murefu, yeye peke yake mu ile jamaa angeweza, maana pua yake ilikuwa imezibwa.

Siku yote yenye ilibakia habakuniruhusu kukaribia moto, kwa sababu ya petroli. Nililia mama mukwe yangu ku ukingo ya lupango, karibu na majani, na imbwa.

Mu muji baliniita Mama Malashi mpaka tuliingia uhuru na kupita. Siku ya kunyoa, jamaa ilinipa kikwembe ya marehemu ya kwenda kanisa, nyekundu, yenye Yaya Masengo mwenyewe aliitaka. Balisema, kwa sababu alimupenda. Nikapiga magoti, nikapokea na mikono mbili.

Na njo haya yenyewe, ile inakatala kufa. Samaki si kitu, muntu akicheka samaki nacheka naye. Haya ni ile neno ya Mama Numbi, yenye iliniokoa, na yenye sikuirudisha. Sikumupakaa mama kwa sababu ya kumupenda. Nilimupakaa kwa sababu nilichoka na harufu yake. Matone tatu, kwa pua yangu, si kwa shingo yake. Ile kikwembe ililala mu sanduku, sikuivaa ata siku moja, na kila nikifungua, kwa miaka, ua ilikuwa ingali mule, na tena pua yangu ilikuwa inaisikia vizuri. Ukiziwi yake ilipona.

Beatrisi, weye njo naandikia, na bengine basome kama banataka. Chupa yako ilikuwa na maua nyeupe ku karatasi, yenye inainama sawa kengele. Haukujua. Sikurudisha zawadi yako, nilirudisha ile yangu. Miye sitajitilia tena tone ya malashi mpaka bananifunika, ile nimeisha kuapa, na kiapo ya muzee usiigombanie.

Lakini weye vaa. Na siku nitakufa, ujipakae kitu unataka, ata chupa muzima, ata mbele sijapoa, hakuna muntu nimeambia akunuse. Miguu yangu imeanza kuvimba, unaiona, unanyamaza. Naomba kitu moja tu, ukiweza, na ata ukiwa umechoka: unigeuze mugongo.